Shajara ya mradi: umeme salama wa chumba cha kompyuta, Iringa

17 Agosti 2024: Tulichokikuta

Kazi hii ni ya chumba cha kompyuta cha shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Iringa, upande wa vilima vya mawe. Naiandika kwa ajili ya walimu na mafundi watakaoletewa vifaa vya mtandao na kuambiwa wavifunge tu vianze kazi. Vifaa vyetu vimechangwa na wazazi na wahitimu: kompyuta 20, swichi ya mtandao ya matundu 24 inayopeleka umeme kwenye kebo ya data, ruta moja na vituo vinne vya Wi-Fi. Msimu wa mvua uliopita radi iliunguza swichi ya zamani na ruta kwa mpigo mmoja. Kwenye kikao wengi walitaka vifaa vipya vifungwe palepale vilipokuwa vya zamani. Nilisimama na kusema hakuna boksi litakalofunguliwa kabla ya ethi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja), bodi ya breka na nyaya kupimwa na namba zake kuandikwa. Mkuu wa shule aliniunga mkono, na namshukuru.

Tumepata fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Tumekubaliana tangu mwanzo kwamba yeye ndiye anayegusa bodi, mimi nabeba ramani, hesabu na kebo za data.

Leo ni ukaguzi. Alizima meni swichi, akaifunga kwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni, kisha akaijaribu tesita kwenye umeme ulio hai jirani ili ajue inafanya kazi kabla ya kuiamini hapa. Tulifungua soketi moja baada ya nyingine. Nyingi zina matundu matatu usoni lakini nyuma hazina ethi: waya wa kijani umekunjwa na kusukumwa ndani ya boksi, haujafungwa popote. Mbili zina laini (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) zilizopishana.

Kilichonishtua zaidi kilikuwa nje, chini ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Nondo ya ethi, ile inayopigiliwa ardhini, ilionekana imesimama vizuri, kichwa chake kimefungwa kibano. Fundi aliishika kwa mkono mmoja akaichomoa. Kilichotoka ni kipande kifupi kuliko mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, mwisho wake ukiwa na alama za msumeno. Aliyeifunga alikutana na mwamba, akakata nondo, akaondoka. Miaka yote hiyo watoto wamekuwa wakishika kompyuta ambazo hazina ethi yoyote.

24 Agosti: Hesabu kabla ya duka

Kompyuta moja na skrini yake nimeihesabia wati 100. Kwa 20 ni wati 2,000, yaani chini kidogo ya ampia 9 kwenye volti 230. Kwa hesabu hiyo peke yake, saketi moja ya waya wa 2.5 (milimita za mraba) na breka ya ampia 20 ingetosha, na ndivyo wengi wanavyofanya. Lakini mzigo siyo kikomo chetu hapa.

Kila kompyuta ina kichujio ndani ya pawa saplai kinachopitisha umeme kidogo kwenda ethi, muda wote, hata ikiwa nzima kabisa. Chukulia karibu miliampia moja kwa kompyuta, na kidogo zaidi kwa skrini. Breka ya kuvuja, ile ambayo mafundi wanaiita RCD, ya kulinda mtu huruka kwenye miliampia 30, na kwa kweli inaruhusiwa kuruka mapema zaidi, kuanzia nusu yake. Ukizibebesha kompyuta zote 20 RCD moja, itaruka ovyo, halafu atatokea mtu wa kuiondoa ili "umeme utulie". Kanuni tunayofuata ni kwamba uvujaji wa kawaida usizidi karibu theluthi moja ya 30. Kwa hiyo kompyuta zimegawanywa saketi tatu: 7, 7 na 6. Printa ya leza inakaa na zile sita, kwa sababu inapopasha moto huvuta karibu wati 1,000 kwa sekunde chache, na kwa sababu hiyohiyo haitachomekwa kwenye UPS (betri ya akiba) kamwe. Raki ya mtandao, yaani kabati la swichi na ruta, ina saketi yake. Taa zina yake. Jumla breka tano, kila moja ikiwa na kinga ya kuvuja ndani yake, ili saketi moja ikiruka nyingine ziendelee.

Tumechora pia njia za nyaya. Soketi zinakaa usawa wa meza, hakuna waya unaopita sakafuni, na trankingi (mfereji wa kufunika nyaya) ya umeme iko sentimita 20 mbali na ya data. Zinapolazimika kukutana zinakatana kwa pembe mraba.

7 Septemba: Mwamba

Anayeijua Iringa anajua mawe yake. Jiwe la Gangilonga linaonekana kutoka karibu kila kona ya mji, na shule yetu imekaa juu ya mawe ya aina hiyohiyo. Nondo mpya ya mita 1.2 iligoma kabla ya kufika nusu mita. Tukasogea hatua chache, ikagoma tena. Upande wa pili wa jengo iliingia kidogo zaidi, kisha nyundo ikaanza kurudi na kichwa cha nondo kikachanua.

Vibarua walipendekeza tuchimbe shimo tujaze chumvi na mkaa, njia inayojulikana mitaani. Nimeikataa, na ningependa kila anayenakili kazi hii aikatae. Chumvi hushusha kipimo kweli, siku za mwanzo. Mvua ikinyesha inaoshwa na kwenda zake, na ile inayobaki inakula shaba na vibano. Mwaka wa pili una nondo iliyoliwa chini ya ardhi na hakuna anayeiona.

Tukashuka chini ya mteremko, karibu na tangi la maji, ambako udongo umekusanyika kwa miaka na hubaki na unyevu. Ni kama mita 25 kutoka kwenye bodi. Huko nondo iliingia yote.

21 Septemba: Namba za ethi

Fundi alileta mita ya kupimia ethi, ile yenye vijiti viwili vya kuchomeka mbali na nondo. Kijiti cha mwisho kiliwekwa mbali, cha kati kwenye takriban asilimia 62 ya umbali huo, kisha akakisogeza mbele na nyuma kuhakikisha namba haibadiliki sana. Tunapima sasa makusudi: mvua huku kwetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, na Septemba udongo umekauka. Ethi inayofaa leo itafaa mwaka mzima.

Nondo moja ilitoa omu 140 (omu ni kipimo cha upinzani; kwa ethi, ndogo ndiyo bora). Tukachimbia ya pili umbali wa zaidi ya mara mbili ya urefu wake, tukaziunga: omu 78. Ya tatu isingesaidia sana, maana udongo mzuri una eneo dogo. Badala yake tulichimba mtaro wa mita 12 unaofuata mteremko, kina cha sentimita 60, tukalaza waya mtupu wa shaba wa 25, tukaufunika kwa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaoshika maji, uliokorogwa uji mzito, kisha udongo wa kawaida uliochekechwa mawe. Kipimo kikashuka hadi omu 27.

Sasa hesabu ambayo naomba kila mwalimu wa TEHAMA aisome taratibu. Hapa ethi ni ya mteja mwenyewe. Umeme unaovuja hurudi kwenye transfoma kwa kupitia udongo. Laini ikigusa kasha la chuma la kompyuta, volti 230 kugawanya kwa omu 27 ni ampia 8.5. Breka ya ampia 20 haitaruka. Itakaa imewaka, na ile kompyuta itabaki na umeme mwilini ikimsubiri mtoto. Ndiyo maana ethi peke yake haitoshi, na breka ya kawaida peke yake haitoshi. RCD ya miliampia 30 itakata kwenye hali hiyo mara moja, kwa kuwa ampia 8.5 ni zaidi ya mara 280 ya kinachohitajika kuirusha. Ethi na RCD vinakwenda pamoja.

Gharama ya ethi: nondo mbili 64,000, waya wa shaba 210,000, bentonaiti 90,000, vibarua 40,000, kebo ya kijani na njano ya 16 hadi kwenye bodi 237,500, vibano na kisanduku cha ukaguzi 36,000. Jumla shilingi 677,500. Mhasibu aliuliza kwa nini pesa zote hizo zinazikwa. Nilimwonyesha risiti ya ile swichi iliyoungua.

28 Septemba: Waya usio wake

Rola mbili za waya "wa 2.5" zilinunuliwa mjini kwa bei iliyopendeza. Zilionekana nyepesi mkononi. Waya wa 2.5 wa kusokotwa huwa na nyuzi saba, kila moja kipenyo cha milimita 0.67. Tuliazima maikromita ya maabara ya fizikia, na vijana wa kidato cha nne wakapima wenyewe: nyuzi ni saba, lakini kila moja milimita 0.52. Piga hesabu ya eneo, unapata 1.5. Ni waya wa taa uliovalishwa koti nene na kuandikwa 2.5. Chini ya breka ya ampia 20 ungeweza kupata moto ndani ya trankingi bila breka kushtuka.

Boksi la kebo ya data nalo halikupona. Fundi alikwangua waya mmoja kwa kisu, na chini ya rangi ya shaba kukatokea weupe: alumini iliyopakwa shaba. Kwa uhakika tuliunga nyaya mbili za jozi moja mwisho wa boksi na kupima mwanzo wake. Kwa mita 305 za shaba halisi upinzani wa mzunguko mzima haupaswi kuzidi omu 57 au 58. Yetu ilitoa 81. Kebo ya namna hiyo hupitisha data siku nzuri, lakini vituo vya Wi-Fi vinavyokula umeme kupitia humohumo huzima na kuwaka, na viunganishi hupata joto.

Dukani walibadilisha baada ya kuonyeshwa maikromita. Ushauri wangu: nenda nayo. Rola mbili halali zimegharimu 570,000, boksi la data 430,000.

12 Oktoba: Bodi na nyaya

Kufunga trankingi, soketi 24 na kuvuta nyaya kulikwenda bila shida, sina cha kuongeza. Bodi nina mambo matatu.

Kwanza, boksi ni la plastiki. Kwenye ethi ya namna yetu, waya unaoingia kutoka kwenye mita haujapita RCD bado, na ukichubuka ndani ya boksi la chuma, boksi zima linakuwa na umeme ambao hakuna cha kuukata.

Pili, kinga ya mawimbi ya radi, SPD. Zipo za aina nyingi na muuzaji atakupa iliyo karibu. Kwa mfumo huu inayotakiwa ni ile inayounga laini kwenda nyutro, kisha nyutro kwenda ethi kupitia pengo la cheche. Nyaya za kuiunga ziwe fupi, zote pamoja zisizidi nusu mita, kwa sababu umeme wa radi hupanda kwa kasi mno na kila mita ya waya inaweza kuongeza volti 1,000 hivi juu ya kile SPD inachokiruhusu. Fundi alikuwa ameipangia kona ya chini. Tuliihamisha ikakaa pembeni ya meni swichi.

Tatu, mshauri mmoja wa kompyuta alitusihi tuweke "ethi safi" ya vifaa vya mtandao, iliyotengwa na ya jengo. Nimesikia hilo mara nyingi na ni hatari. Radi ikiingiza hata ampia 1,000 kwenye ethi ya omu 27, ethi hiyo inapanda volti 27,000 kwa kitambo kidogo. Ethi nyingine iliyotengwa inabaki chini, na tofauti yote inajitafutia njia ndani ya swichi yako. Kila chuma cha jengo hili sasa kinakutana kwenye baa moja ya ethi.

Vipimo: RCD zote tano zilikata kati ya milisekunde 22 na 31 kwa miliampia 30, kikomo ni 300. Boksi, breka na SPD ni shilingi 495,000. Nyaya (zikiwemo zile rola mbili za 570,000), soketi na trankingi kwa pamoja 966,000.

19 Oktoba: Breka inayoruka jioni

Saketi ya pili ilikuwa inakatika kila jioni, ingawa mchana ilikaa bila shida. Tulichomoa kompyuta zote, bado. Fundi alipima uvujaji wa nyaya, safi. Tulikuwa tumeanza kuishuku RCD yenyewe hadi mlinzi aliponifuata langoni.

"Kamwene, mwalimu. Samahani, mimi nikiwasha taa ya baraza, chumba chenu kinazima upande mmoja. Nimekosea nini?"

Hakukosea chochote, alitupa jibu. Taa ya baraza ni ya zamani, na aliyeifunga aliichukulia laini kutoka saketi ya taa lakini nyutro akaiokota kwenye boksi la soketi lililokuwa karibu. Tulipounga baadhi ya nyaya za zamani za soketi kwenye bodi mpya, nyutro ya taa ikaingia saketi ya pili. RCD inalinganisha umeme unaotoka kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro; hapa ulirudi umeme ambao haukutoka kwake, ikaona tofauti, ikakata. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Zaidi ya usumbufu kuna hatari halisi: mtu angezima saketi ya soketi, akaamini ni salama, akaachanisha nyutro hiyo huku taa imewaka, na akapigwa. Tumevuta nyutro mpya ya taa hadi kwenye bodi na kuondoa nyaya zote za zamani zilizobaki ukutani. Ukinakili kazi hii usiunge hata kipande kimoja cha nyaya za zamani kwenye breka mpya bila kujua kinakoishia.

2 Novemba: Raki na faiba

Sasa maboksi yamefunguliwa. Raki ya ukutani imefungwa mbali na dirisha, na imeunganishwa na baa ya ethi kwa waya wa 6. Rangi ya raki ni kihami, hivyo tulikwangua hadi chuma king'ae chini ya washa ya boliti, tukafunga, tukapima kutoka mlango wa raki hadi baa: chini ya nusu omu. Mlango wenyewe una waya wake, maana bawaba hazitegemeki.

Jengo la utawala liko mita 70 kutoka hapa, na lina mita yake na ethi yake. Kebo ya shaba ya zamani iliyoning'inia kati ya majengo imeshushwa. Ilikuwa ndani ya kikomo cha mita 100 na data ilipita vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeishuku, lakini ndiyo iliyokuwa imeunganisha ethi mbili zenye hali tofauti kupitia matundu ya swichi. Mahali pake tumepitisha faiba (kebo inayopitisha data kwa mwanga) isiyo na chuma chochote ndani, kwenye bomba la plastiki lililozikwa, na kufunikwa zege pale mwamba ulipotunyima kina. Kama faiba utakayopata ina waya wa chuma wa kuibebea, ukate nje kabla haijaingia kwenye jengo. Faiba, konvata mbili (za kubadili mwanga kuwa umeme wa data na kinyume chake), bomba na uchimbaji: 400,000.

UPS ya VA 1,000 inabeba swichi, ruta na konvata tu, wati 90 hivi, na inadumu karibu saa moja. Raki na UPS 700,000.

14 Desemba: Baada ya mvua za kwanza

Radi zimeshapiga mara kadhaa, na umeme umekatika na kurudi kwa nguvu ile ya kawaida. SPD bado ina dirisha la kijani, alama kwamba ni nzima. Hakuna tundu la swichi lililokufa. Msimu bado mrefu na siwezi kusema zaidi ya hapo. Ethi imepimwa tena kwenye udongo wenye maji: omu 19.

Ufundi ulikuwa 450,000. Jumla ya mradi, bila vifaa vilivyochangwa, ni shilingi 4,118,500.

Kwenye mlango wa bodi kuna mchoro wa saketi uliowekwa plastiki, na daftari. Mwalimu wa zamu anabonyeza kitufe cha majaribio cha kila RCD, anaandika tarehe na jina lake. Kitufe hicho kinapima breka tu, hakipimi ethi, kwa hiyo ethi itapimwa tena kila Septemba udongo ukiwa mkavu.

Kinachofuata ni jengo la utawala. Soketi zake tumezikagua na hali ni ileile ya waya wa kijani uliokunjwa nyuma. Faiba imezuia tatizo lao lisivuke kuja kwetu, lakini mhasibu na mkuu wa shule bado wanakaa mbele ya kompyuta zisizo na ethi. Nimeomba bajeti iingizwe Januari, na hadi hapo printa na kompyuta zao zenye makasha ya chuma zimechomolewa. Wanatumia laptopu zenye chaja za plastiki za pini mbili.